Taka Zilizovishwa Kanzu

Wajukuu zangu wa Tanga, picha ya lile pipa lenu la mboji nimeiona. Nimeikuza kwenye simu mpaka macho yakaniuma. Mmesema linanuka, jirani ameanza kununa, na Asha amelipulizia marashi. Hapo kwenye marashi nilicheka mpaka nikapaliwa na chai. Kisha nikachukua kalamu, maana kama kuna mtu ambaye marashi na taka vilitaka kumharibia maisha yake yote, ni mimi babu yenu.

Basi tulieni niwaambie. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa mama yenu aliolewa huko, na ninyi Kimalagasi hamkijui hata cha kuombea maji. Ila mjue maneno yaliyomo humu yalisemwa kwa Kimalagasi cha pwani yetu, na majumbani kwa Kingazija. Kiswahili mimi nimekipata ukubwani, kwa kukaa kwenu huko kila mama yenu alipojifungua, naye hakuwa na haraka ya kuacha kujifungua. Nikikosea, chekeni kimyakimya.

Kazi yangu ilikuwa kujenga vizimba vya mboji, vile vikubwa vya uani. Si pipa la plastiki kama ndoo ya kufulia. Kizimba changu mtu angeweza kufugia ng'ombe na ndama wake. Nguzo nne za mti mgumu, mbao zilizoachana kidogo pembeni ili hewa ipite, na mbele mbao za kuchomoa moja moja, ili ukitaka kugeuza mboji usiingie kama mwizi kwa juu. Nilikuwa napanga vitatu ubavu kwa ubavu. Cha kwanza kinapokea taka, cha pili kinapokea kilichogeuzwa, cha tatu kinalala mpaka kiive. Leo naeleza hivi kwa kujiamini, mtadhani nilizaliwa ninajua.

Sikujua kitu. Uhuru ulikuwa bado mpya, na pale mjini kwetu Mahajanga kila mwenye uwanja alitaka bustani ya mboga. Mimi nilikuwa nimebeba mbao msimu mmoja tu katika bustani ya Mfaransa mmoja, nikaona vizimba vyake kwa mbali, nikatoka pale nikijiita fundi. Nikapita mtaa wa Antanimasaja, nikapita wa Mangarivotra, nikigonga milango na kuwaambia watu kwamba taka zao ni mali. Na watu, Mungu awasamehe, wakaniamini.

Mlango mmoja wa Mangarivotra ulikuwa wa Fundi Madi. Kwetu sisi wenye asili ya Ngazija fundi ni mwalimu wa Kurani, na huyu alikuwa mwalimu kwelikweli, msafi wa nguo, mpole wa sauti, na mwenye pua ambayo mji mzima uliiogopa. Angeweza kukuambia umekula samaki gani jana. Alikuwa na binti, Mariamu. Nilimwona siku moja amebeba beseni la nguo, akanitazama nilivyobeba mbao zangu kichwani, akasema mbao zitaniangukia. Zikaniangukia. Kuanzia hapo sikuwa na habari na mteja mwingine yeyote.

Nikamjengea Fundi Madi kizimba bure. Nilijiona kidume. Nikakiweka karibu na jiko, ili niwe na sababu ya kupita jikoni, na jiko lilikuwa limepakana na baraza aliyofundishia watoto. Kisha nikaenda machinjioni nikaomba matumbo ya ng'ombe. Sikiliza hapa wewe mwenye pipa. Samadi ni nzuri, na yale majani yaliyosagika ndani ya tumbo la ng'ombe ni mazuri sana. Lakini matumbo yenyewe, na nyama zinazoning'inia humo, si ya kizimba cha uani. Mimi nilitia vyote, nikamwagia maji, nikafunika kwa gunia, nikaenda zangu kuota ndoto za harusi.

Wiki haijaisha, watoto wa madrasa walikuwa wanasoma huku wamebana pua. Fundi Madi alidhani wanamfanyia mzaha, akawaambia waachie pua zao. Wakaachia, na mmoja akatapika kwenye mkeka. Nzi walikuwa wengi kiasi kwamba waliingia barazani wakiwa wamejipanga. Nilipokuja asubuhi na salamu zangu tamu, nilikuta mbao zote zimetupwa barabarani, na Mariamu yuko dirishani anacheka kwa kujificha kwenye kanga.

Hata hivyo, kichwa kikiwa kigumu ni kigumu. Nilimtuma Mjomba Bakari, ndugu wa mama yangu, apeleke posa. Alirudi amevua kofia, anajipepea. Akaniambia Fundi Madi hakumtukana wala hakumfukuza, alimkaribisha kahawa, kisha akasema hivi: "Sitamwoza binti yangu mtu ninayemsikia harufu kabla sijamwona sura."

Jambo hilo liliniuma. Mnanisoma mkicheka, lakini nililia. Mariamu alikuwa amekwisha kumwambia shangazi yake kwamba ananitaka, na mimi nilikuwa sina kazi nyingine ninayoiweza. Nikiacha vizimba sina cha kumlisha, na nikishika vizimba sitampata. Mjomba akanishauri niende kisiwa cha Nosy Be, kuna mama mmoja anauza miche na anatafuta mtu wa mboji. Akasema nijifunze kazi hiyo mahali ambapo Fundi Madi hatanisikia.

Mama huyo tulimwita Dadi Soa. Dadi kwa Wasakalava, wenyeji wa huko, ni bibi, mzaa mama au baba. Uwanja wake ulikuwa nje kidogo ya kijiji cha Ambatoloaka, wakati huo kijiji cha wavuvi hasa, na wageni wachache wenye kofia. Aliuza miche ya pilipili, ndimu, vanila, chochote kinachoota. Asubuhi alipaka liwa usoni, akakaa kwenye kigoda, na hapo alipokaa aliona kila kosa langu.

La kwanza nililifanya siku ileile niliyofika. Nilijua kitu kimoja tu kwa hakika, upepo. Alasiri upepo unatoka baharini, magharibi. Kwa hiyo nikasema kizimba kiwe mashariki kabisa, pembe ya kaskazini mashariki, harufu iende mbali na nyumba. Nikachimba mashimo ya nguzo huku ninapiga mluzi. Nikainua nguzo, nikapiga mbao, nikajaza majani na samadi. Dadi Soa alikuwa sokoni. Aliporudi alisimama, akaweka kikapu chini, akaweka mikono kichwani.

Pembe ya kaskazini mashariki ya nyumba yao ndiyo ya wazee wao waliokufa. Hapo ndipo wanaposimama kuwaomba. Mimi nilikuwa nimewapelekea wazee wa Dadi Soa mavi ya ng'ombe.

Hakupiga kelele. Aliniambia nitoe kila kitu, nifagie, halafu niombe radhi, na niliomba radhi kwa Kimalagasi changu chote mpaka kikaisha nikaendelea kwa Kingazija. Kisha tukaanza kutafuta mahali. Kaskazini nikakataa mimi, maana kibla kwetu iko kaskazini, na ningekuwa ninasali huku nimeelekea samadi. Mashariki akakataa yeye, nako ni upande wa wazee. Kusini kuna kisima. Magharibi upepo unaleta harufu moja kwa moja ndani ya nyumba. Nilizunguka uwanja ule kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Taka ni kusini magharibi," Dadi Soa akasema. "Hata mtoto anajua."

Nikamwambia huko upepo utapita juu ya kizimba, uje mpaka kwenye sufuria yake.

"Basi tengeneza kisichonuka," akasema, akaingia ndani.

Mimi nilikuwa nimefanya kazi yangu yote kwa kutafuta mahali pa kuficha harufu. Haikuwa imenipitia akilini kwamba mboji iliyotengenezwa vizuri haina harufu ya kuficha. Andikeni hilo juu ya pipa lenu.

Nikaanza kujifunza, polepole na kwa kuunguaungua. Nikatoka na mazoea ya Mahajanga, ambako ukame unakulazimisha kumwagia mboji maji kila mara, nikayaleta Nosy Be, ambako mvua ikianza inasahau kuacha. Kizimba changu cha kwanza kilikuwa uji. Dadi Soa alinipa mwiko wa jikoni akaniuliza kama nataka na sukari. Nikajifunza kuezeka makuti juu. Nikajifunza kuchukua mboji mkononi na kuikamua: ikitiririka maji, imezidi, iongeze vikavu, ikimwagika kama vumbi, ina kiu, ikishikana na kukulowesha kiganja kidogo, iache. Nikajifunza kwamba kijani peke yake kinaoza na kikavu peke yake kinalala tu, na ukivipanga tabaka kwa tabaka vinashika moto. Moto kwelikweli. Nilichomeka chuma katikati ya biwi, nikakichomoa asubuhi yake na kukishika kwa mkono mtupu kwa sababu sikuamini. Baadaye Dadi Soa alikuwa anaweka sufuria yake ya maji ya kuoga juu ya kizimba, anasema angalau kijana huyu anasaidia kuokoa kuni.

Jumanne hatukugusa udongo, ni mwiko kwao. Ijumaa mchana mimi niko msikitini. Kwa hiyo mboji yetu ilipata mapumziko mengi kuliko mimi.

Sasa tuje kwenye marashi, Asha. Kisiwa kile kilikuwa kimejaa mashamba ya milangilangi, na ndani ya mashamba mitambo ya kukeneka mafuta. Wanachemsha maua, mvuke unachukua mafuta, na mabaki ya maua yanatolewa nje yakiwa ya moto, mlima mzima, bado yananukia. Mimi nilikuwa nikiyapita kila siku bila kuyafikiria. Mpaka ikaja habari kwamba Fundi Madi amealikwa Nosy Be kwenye maulidi, na Mjomba Bakari amemwambia apite kuona kazi yangu.

Kizimba changu kilikuwa sawa. Wala hakikuwa na neno. Kilikuwa na harufu kidogo tu ya samadi ambayo bado haijaiva, na ningekigeuza mara moja kingetulia. Lakini mimi niliiwaza ile pua. Nikajiambia, kwa nini niwe sawa wakati naweza kunukia? Nikakodi mkokoteni, nikaenda kwenye mtambo, nikajaza maua ya langilangi mpaka yakamwagika njiani. Nikayatia kizimbani yakiwa moto na yamelowa. Hayakuingia yote. Nikapanda juu nikayakanyaga kwa miguu, nikaruka, nikaongeza mengine, nikayakanyaga tena. Siku hiyo uwanja mzima ulinukia kama chumba cha bi harusi. Dadi Soa alitazama, akaniuliza hewa itapita wapi. Nikamwambia angoje aone.

Akaona. Maua yaliyolowa yakikanyagwa yanakuwa kama bamba, hewa haipenyi hata ya kumtosha siafu. Juu kulibaki na harufu tamu, ndani kukachacha. Na mimi sikufungua kuangalia, nisije nikayaharibu manukato.

Fundi Madi akaja na kanzu nyeupe na makubadhi mapya. Nikamkaribisha mbele ya kizimba, nikamwambia alete pua karibu. Akavuta hewa, uso ukakunjuka, nikaona kama anatabasamu. Hapo ningesema alhamdulillahi nikanyamaza. Lakini kimbelembele changu! Nikasema ngoja uone na ndani, nikachomoa ubao wa chini mbele yake.

Kilichotoka kilikuwa cheusi na cha kuteleza, na kilitoka kwa haraka, kikafunika makubadhi yote mawili mpaka kwenye vifundo. Harufu yake siwezi kuieleza vizuri. Chukueni maua ya harusi, myasahau ndani ya sufuria ya maharage yaliyochacha, halafu mfunue. Dadi Soa alikwenda kusimama nyuma ya nyumba, na nilimsikia anavyocheka kwa kujizuia, kama mtu anayekohoa.

Fundi Madi alinawa miguu kisimani taratibu, mguu mmoja, kisha wa pili. Mimi nilikuwa nimeshika makubadhi yake na sijui niyaweke wapi. Alipomaliza akasema, kwa sauti yake ileile ya barazani:

"Saidi, taka hazikunikosea. Zilikuwa taka. Wewe ndiye uliyezivisha kanzu."

Nikatamani ardhi inimeze, ila ardhi yenyewe ilikuwa imelowa. Kisha akaniambia jambo lililonikata maini. Kuna muuza vitambaa wa Antanimasaja ameleta posa, mtu mwenye heshima na duka, na yeye atamjibu baada ya Idi ya Ramadhani. "Kama kabla ya hapo utaniletea udongo ambao pua yangu haina la kusema juu yake, tutazungumza. Usiniletee unaonukia. Niletee usio na neno."

Alipoondoka nilikaa chini mbele ya uchafu ule. Nilikuwa naogopa kwelikweli. Si aibu tena, hofu. Nilimwona Mariamu anafunga mlango wa nyumba ya yule mwenye duka, na mimi nazeeka Nosy Be nikinuka langilangi iliyochacha. Dadi Soa akaja na sepetu, akaiweka mapajani mwangu, akasema si Jumanne leo.

Nilitoa kila kitu nje. Nilikitandaza juani, nikapasua mabonge kwa mikono. Nikaenda kuomba makapi ya miwa kwenye kiwanda cha sukari, nikaleta na maganda ya mpunga na majani makavu ya mgomba niliyoyakatakata kwa panga. Nikapanga upya: kikavu, kibichi, samadi kidogo, konzi ya udongo wa zamani, kikavu tena. Katikati nikasimamisha miti, na biwi lilipofika juu nikaichomoa, ikaacha matundu ya kupumulia. Sikukanyaga. Nilitembea kuzunguka kizimba kile kwa ncha za vidole, kana kwamba kina mtoto amelala. Moto ulipopanda nikauacha, ulipopoa nikageuza kwenda kizimba cha pili, ukapanda tena. Maua yaleyale ya langilangi, nisiyaonee, yalifanya kazi nzuri mno yalipopata hewa. Kosa halikuwa lao.

Ramadhani ikaingia. Niligeuza mboji na swaumu yangu, ulimi umekauka. Ilipokaribia kwisha nilichukua konzi kutoka kizimba cha tatu, nyeusi, laini, inamwagika vidoleni. Nikanusa. Nikanusa tena. Dadi Soa naye akanusa, akaufuta mkono kwenye nguo yake, akaniambia nijaze gunia.

Nilisafiri kwenda Mahajanga na gunia la udongo mapajani. Mama mmoja chomboni aliniuliza nimebeba nini, nikamwambia ukweli, udongo. Akaniangalia, akahamia upande wa pili na watoto wake wote, maana kwetu mtu anayesafiri na udongo watu hufikiria makaburi kwanza.

Nilifika mchana wa sikukuu yenyewe ya Idi, ikiwa ndiyo kwanza watu wanatoka kula. Na hapa, wajukuu zangu, mtajua kwamba mtu anaweza kujifunza kazi na asijifunze akili. Rafiki yangu wa kwenye mtambo alikuwa amenipa kichupa cha mafuta ya langilangi, yale mazito yenyewe. Tone moja linatosha chumba. Nilikuwa nimekaa na samadi mwaka mzima, nikiwa naenda kukabili ile pua. Nikajimwagia kichupa chote. Kifuani, mikononi, kwenye kofia.

Mjomba Bakari alinikuta njiani, akarudi nyuma hatua moja. Tukaingia. Fundi Madi alikuwa mkekani. Nikafungua gunia mbele yake na kukaa. Akatia mkono, akaleta udongo puani. Akakaa nao muda mrefu. Akautia mkono tena chini kabisa ya gunia, akanusa cha huko chini. Kisha akatikisa kichwa kama mtu asiyeielewa pua yake mwenyewe, akageukia pazia lililotenga baraza na jiko.

"Mariamu," akaita. "Mimi pua yangu leo imeziba na kitu, sijui ni nini. Chukua udongo huu wewe, uniambie."

Akaupitisha chini ya pazia kwenye kisahani. Tukangoja. Nilikuwa nimeshika ukingo wa mkeka. Kisha sauti yake ikaja, tulivu, ya mtu anayechambua mchele.

"Udongo hauna neno, baba. Aliyeuleta ndiye anayenipasua kichwa mpaka huku jikoni. Mwambie akaoge, halafu arudi."

Mjomba Bakari alianza kucheka yeye kwanza. Fundi Madi alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akajishika mbavu, na ile ilikuwa mara ya kwanza kuyaona meno yake. Nikaenda kuoga. Nilijisugua kwa majivu na ndimu mpaka ngozi ikawaka. Nikarudi.

Kwetu mume ndiye anayehamia nyumbani kwa mke, kwa hiyo nilirudi na kukaa. Kizimba nilikijenga upya katika uwanja uleule wa Mangarivotra, mbali na baraza, na Fundi Madi alikuwa akipeleka wageni wake kukinusa. Na kila siku ya maisha yetu, nikitoka kizimbani, nikisema hodi, bibi yenu hakuitikia kwanza. Alinusa. Kisha akasema: kaoge, halafu urudi.

Kwa hiyo Asha, marashi acha. Fungua pipa, tia vikavu vingi, ligeuze, lipe hewa, na usilikanyage.

Mimi bado nina kizimba kimoja, kidogo, mgongo haukubali tena kikubwa. Tangu bibi yenu afariki, nikimaliza kugeuza husimama pale mlangoni na mikono yangu michafu, nasema hodi, nangoja kidogo. Kisha naenda kuoga.